Kisima cha Ozella

Jumanne, 5 Machi

Leo nimehojiwa. Nimeapa mkono juu, kisha mawakili wa kiwanda tunachokishtaki kwa kutuchafulia maji wakanikalisha mezani tangu asubuhi. Wanataka kujua kama nafaa kuwasemea wenzangu wote kwenye kesi hii ya maji. Nafaa! Nani mwingine? Rafiki yangu Ozella wa ng'ambo ya reli, anayesinzia kanisani?

Mmoja wao, meno meupe kama ya tangazo, akauliza maji ya ng'ambo ya reli, wanakotumia visima, ni sawa na yetu ya bomba? Sawa wapi! Nikamwambia kisima cha Ozella kilinuka hata kabla kiwanda hakijajengwa. Akacheka. Akaandika.

Si kweli sana — lakini Ozella anajidai mno na ile chai yake ya barafu.

Alhamisi, 19 Septemba

Jaji amekubali tushtaki kama kundi moja. Tumeshinda! Ila ng'ambo ya reli wametolewa. Eti visima vyao vina shida yake yenyewe, haifanani na yetu. Kila mtu wa huko ashtaki peke yake. Ozella ashtaki na nini? Figo mbovu na paka?

Nikamuuliza Fontenot, wakili wetu, jaji kayatoa wapi hayo. Akatazama viatu vyake.

"Kwako, Mama Verlene. Yale ya kisima kunuka."

Nikamwambia nenda kayafute basi! Akasema ili kuyafuta lazima niape kwamba nilidanganya, na msemaji mwongo huondolewa, kesi nzima iyumbe. Nikachukua mkoba, nikaenda zangu. Mimi! Kuondoka bila kugomba!

Jumapili, 9 Februari

Kiwanda kimekubali suluhu. Watu wa bomba watatibiwa kwa gharama yake. Kanisani wote wananikumbatia. Ozella katoka kusafishwa damu kwa mashine juzi, na bado kanipikia pai ya viazi vitamu. "Umewakomesha, dada!" Nimekula vipande viwili. Cha tatu nimekikataa.

Jumatano, 14 Mei

Naandika kwenye benchi la mahakama, wakati wa mapumziko. Asubuhi jaji kauliza nani anaipinga suluhu. Ozella kasimama na kofia yake ya kanisani, kasema naye anaumwa kama sisi. Jaji kamjibu kwa upole: mama, wewe humo kwenye kundi, huwezi kupinga. Kaketi. Sote tukatazama sakafu. Na mimi pia — bure kabisa mimi!

Sasa yuko kando yangu anamenya karanga, hata hajanuna.

"Hivi Verlene, nani kawaambia kisima chetu kilinuka? Nikimpata nitamnywesha pipa zima!"

Nikasema mawakili wa kiwanda wamezua, dada, unawajua walivyo. Kaamini. Kanigawia karanga.

Fontenot ananipungia. Jaji anataka nimwambie kwa kiapo kama niliwatendea wote haki. Nikisema kweli, suluhu huenda ikavunjika, na wagonjwa wetu wamechoka kungoja. Nikisema ndiyo —

Ozella kanishika kiwiko. "Inuka bibi kizee, wanakungoja." Vidole baridi mno.

Nimemwambia twende wote, akae mbele kabisa, anisikie vizuri. Kauliza kwa nini. Nimemwambia afunge mdomo, avae kofia yake.

Mlango umefunguliwa.