Barua Mbili Mezani kwa Ostby

Stenmark, Nebraska
12 Septemba 1978

Mdogo wangu Merle,

Hujambo wewe? Mkeo Janice hajambo? Na lile goti lako je? Sisi huku wazima. Shemeji yako Bernice anakusalimu, anasema kwenye televisheni umekonda. Nikamwambia kocha msaidizi wa timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani hana muda wa kula.

Jumamosi timu yangu ya chuo imeshinda ishirini na nne kwa kumi. Vijana wakanibeba mabegani kama enzi zetu. Lakini kuna jambo nataka kukwambia, na sijamwambia mtu mwingine. Robo ya tatu ya mchezo, mrushaji mpira wetu alikuja pembeni mwa uwanja kuniuliza tucheze mpango gani. Mpango wenyewe nilikuwa nauona wote kichwani, nani akimbilie wapi, nani amzuie nani. Jina lake ndilo halikuja. Mpango niliobuni mwenyewe, Merle! Nikamwambia, "Fanya kama jana." Akanitazama, akasema, "Jana tulipumzika, Kocha." Kowalczyk, msaidizi wangu, ndiye aliyeniokoa.

Na Alhamisi nilikaa ndani ya gari saa nzima nje ya bucha, sijui nyumbani ni kulia au kushoto.

Nina miaka arobaini na sita tu. Labda ni yale mapigo ya chuoni. Miaka minne nilikuwa mchezaji wa kati, nakupa mpira kupitia katikati ya miguu, kisha napokea kwa kichwa kila jitu lililotaka kukufikia. Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa unarusha vizuri mno. Nisingevumilia kuona unaangushwa.

Niambie unafikiri nini.

Kaka yako,
Harlan


Ohio
20 Septemba 1978

Kaka Harlan,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Huku tunaendelea, goti linauma siku za baridi tu.

Kaka, unajitisha bure. Umechoka. Mimi mwenyewe juzi nimemwita Janice kwa jina la mama. Ila nakuomba, usimwambie Bernice. Akijua leo, kesho daktari anajua, keshokutwa iko mezani kwa Ostby, na mkurugenzi wa michezo yule ni mtu wa kusubiri uteleze. Niandikie mimi. Kila ukisahau kitu, andika siku, mahali, na ulichosahau. Ukishaviona kwenye karatasi utacheka mwenyewe.

Baki na moyo wako mkubwa.

Mdogo wako,
Merle


Stenmark
6 Novemba 1978

Mdogo wangu Merle,

Habari za huko? Natumaini baridi haijakushika. Bernice ana mafua, mimi mwili mzima, kichwa ndicho hicho.

Nafanya ulivyoniambia. Tarehe tatu Oktoba, nimesahau jina la mrushaji wangu. Tarehe kumi na tano, nimekwenda uwanja wa mazoezi siku ya Jumapili, nikapuliza filimbi peke yangu mpaka mlinzi akaja. Tarehe ishirini na nane mbele ya watu sitini elfu niliagiza tupige mpira mbali, tukawakabidhi wapinzani, kumbe lilikuwa bado jaribio la tatu, tuna nafasi moja zaidi. Tukafungwa kwa pointi moja. Kowalczyk akawaambia waandishi wa habari kwamba yeye ndiye aliyekosea kuhesabu. Nilimwacha aseme. Bado naona aibu.

Sikucheka niliposoma orodha hii, Merle. Lakini nimepata nafuu kwamba kuna mtu anajua.

Kaka yako,
Harlan


Ohio
18 Desemba 1978

Kaka,

Shikamoo, na Krismasi njema kwenu. Sina habari nzuri. Wamemfukuza kocha mkuu na sisi wasaidizi wote nyuma yake, asubuhi moja, hata kahawa hatujanywa. Nina miaka arobaini na tano na sijawahi kupewa timu yangu mwenyewe.

Usinihurumie. Nitapata pa kushika.

Merle


Stenmark
22 Januari 1979

Merle,

Leo sikuulizi hali.

Ostby aliniita ofisini saa nne asubuhi. Mezani palikuwa na barua mbili. Niliujua mwandiko kabla sijakaa.

"Hii ni saini yako, Harlan?"

"Umezitoa wapi?"

"Nimekuuliza kama ni saini yako."

"Ni yangu. Nimemwandikia mdogo wangu."

"Mdogo wako alikaa kwenye kiti hichohicho Jumatano," akasema.

Jumatano, Merle! Ulikuwa katika mji huu, barabara tatu kutoka jikoni kwangu, na Bernice alikuwa amepika viazi na nyama za kutosha watu sita.

Nikamwuliza nani atachukua timu. Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Nikajua.

Makocha wa chuo walipokuja shambani kwa baba, walinitaka mimi peke yangu. "Huyu mwembamba hatuna kazi naye," walisema. Nikawaambia tunakwenda wawili au haendi mtu. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisikia.

Ungeniomba ile kazi, Mungu anajua, huenda ningekupa kwa mkono wangu.

Harlan


Stenmark
2 Februari 1979

Harlan,

Natumaini unaendelea vizuri.

Umempigia Janice simu mara nne unalia. Acha. Yeye hajakufanyia kitu.

Nilipeleka ukweli ulioandika mwenyewe, sikuongeza hata nukta. Ulikuwa unaongoza vijana themanini na hujui jaribio la tatu na la nne. Ungengoja mpaka uwapeleke uwanjani bila kofia ngumu? Kazi ingekuponyoka tu. Kwa nini aichukue mtu wa nje?

Na hiyo hadithi ya miaka minne umeisimulia kila Krismasi, mezani kwa mama, mbele ya mke wangu. Eti ulinizuilia, ulinizuilia. Nani alikuomba? Ulikuwa mzito, huna mbio, mikono kama ya mtu aliyevaa glavu mbili. Hakukuwa na mahali pengine pa kukuweka ila mbele yangu. Watu walilijua jina lako kwa sababu walikuwa wananitazama mimi.

Ofisi naihitaji kufikia tarehe tano. Picha zako nimezitoa koridoni. Usipozifuata, mfagiaji atazitupa.

Merle


Elk Hollow, Minnesota
14 Agosti 1979

Mdogo wangu mpenzi Merle,

Hujambo? Muda mrefu mno! Janice yu mzima? Sisi wazima, tumehamia huku kwa watu wa Bernice. Ziwa liko karibu, samaki wapo, ila sipewi funguo za gari.

Leo nimesoma gazetini kwamba umepewa timu ya Stenmark. Kocha mkuu! Nilipiga meza mpaka kahawa ikamwagika. Nikamwita Bernice, "Njoo umwone mdogo wangu!" Akatoka nje akasimama kwenye mvua bila koti. Wanawake.

Mbona hukuniandikia? Najua, kazi nyingi. Nakulaumu kwa utani tu.

Mimi niliwahi kufundisha hapo ulipo, unakumbuka. Kuna mtu alinichongea. Jina lake nilikuwa nalo, limetoka. Wewe sasa uko ndani, ulizia polepole. Ukimpata usimgombeze. Niambie tu ni nani. Nataka nimwulize nilimkosea nini.

Kaka yako anayejivunia,
Harlan


Stenmark
21 Agosti 1979

Kaka Harlan,

Shikamoo kaka yangu. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Janice anakusalimu sana.

Nimeulizia. Inaniuma kukwambia, ni Kowalczyk. Msaidizi wako mwenyewe. Alikuwa anaandika kila ulichosahau na kukipeleka kwa Ostby. Usijali, nimeshamfukuza, kwa ajili yako.

Sasa nisaidie na mimi. Msimu unaanza Jumamosi ya tarehe nane Septemba, na vijana wangu wazito. Najua una daftari la mipango ambayo hukuwahi kuichezesha. Hapo linakaa tu. Nitumie. Na usimsumbue Bernice kwa mambo ya mpira, hayamhusu.

Mdogo wako akupendaye,
Merle


Elk Hollow
5 Septemba 1979

Mdogo wangu Merle,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini umelala vya kutosha, wiki ya kwanza ya msimu huwa haina huruma.

Kowalczyk alikuja Jumapili. Ameendesha gari kwa muda wa saa saba, na keki aliyooka mkewe. Nilimwambia kupitia wavu wa mlango kwamba ninajua yote. Akavua kofia. "Mimi, Kocha?" Nikamwambia aondoke kabla sijasahau kwamba tuko siku ya Bwana. Aliiacha keki kwenye ngazi. Nikawatupia kuku wa jirani.

Bernice akaniuliza nimepata wapi maneno yale. Nikamwonyesha barua yako. Akasoma, akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule. Akasema, "Ni Merle, Harlan. Ni Merle aliyekufanyia. Nimekwambia mara ngapi?" Nikamwambia mwanamke anayemsema mdogo wangu hivyo hakai chini ya paa langu. Alidhani natania. Nikamtolea sanduku lake mimi mwenyewe. Amekwenda kwa dada yake tangu Jumatatu.

Nyumba imepoa. Sijui alikuwa anaweka wapi vidonge vyangu, wala ni vya asubuhi au vya jioni, basi nimeviacha.

Daftari nimelipeleka posta leo, nimekwenda kwa miguu. Dada wa posta ndiye aliyeniandikia anwani yako, na ndiye aliyenirudisha mpaka mlangoni. Mipango yote imo, arobaini na mbili, na yote ni yako. Nimefuta jina langu juu ya jalada nikaandika lako, watu wasije wakakusumbua na maswali.

Uwafunge wote. Ukipata nafasi njoo hata siku moja, kitanda cha wageni nimekitandika.

Kaka yako,
Harlan