Kongosho la Mkaguzi

Jumatatu, 6 Juni 1988. Kitale
Madaftari ya Kidato cha Tano, mpaka vidole vimejaa wino. Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa. Akinipenda, labda ombi langu la uhamisho litapita, nirudi Bungoma kwa mke wangu Nekesa na mtoto. Mwaka wa tatu huu naishi mtaa huu wa Matisi peke yangu kama mtu aliyefukuzwa kwao. Nimechoka.

Somo: vimeng'enya vya mafuta, na jinsi kila nyama ya mwili ilivyo na vyake. Maziwa yatiwe dawa ya pinki. Kongosho la ng'ombe litavunja mafuta ya maziwa upesi yawe asidi, pinki ipotee. Msuli utashindwa. Kazi rahisi.

Jumanne, 7 Juni
Nimeagiza kongosho kwa Barasa wa buchari. Nafungua kifurushi nyumbani: steki. Nimeila.

Jumatano, 8 Juni
Nimemchorea Barasa kongosho kwenye gazeti la kufungia nyama. Akanitazama kwa huruma. "Mwarimu, hiyo si tunatupia mbwa, bana! Nikupee wewe?"

Steki tena. Ati heshima. Nimekasirika, nimeila. Suruali inabana, na sababu naijua: ukishiba, kimeng'enya cha kwenye mafuta ya mwili huamka kuweka akiba, mwenzake wa msulini hulegea. Nafundisha haya kila mwaka na bado nakula.

Alhamisi, 9 Juni
Nimefoka. Kongosho au nahamia buchari ya jirani! Barasa kaapa kwa jina la mamake. Kanipa kifurushi kimeshasagwa, ati kunipunguzia kazi. Nimekipeleka moja kwa moja kwenye friji ya maabara. Leo nitalala.

Ijumaa, 10 Juni
Aibu! Nusu saa nzima, mrija wa msuli pinki, mrija wa kongosho pinki. Mkaguzi anatazama saa. Mimi jasho mpaka kwenye soksi.

Chebet, msichana asiyefungua mdomo darasani, akachukua lenzi. "Mwalimu, hii si kongosho. Iko na nyuzi kama ile ingine. Zote ni msuli, ndiyo maana zimekataa pamoja."

Barasa! Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. Kisha Chebet akaeleza somo lote: ng'ombe ni mmoja, lakini kila nyama ina kazi yake. Kanishinda mimi. Mkaguzi kanipa mkono mara mbili.

Nimemwandikia Nekesa kwamba narudi.

Alhamisi, 30 Juni
Barua mbili leo. Mkaguzi amenisifu ukurasa mzima. Mwalimu wa aina hii, anasema, shule isimwachilie kamwe. Uhamisho umekataliwa. Mkuu wa shule alinipigia makofi mbele ya wenzangu. Nikasema asante.

Ya pili ya Nekesa. Amenunua meza ya mimi kusahihishia, ameiweka dirishani. Mtoto hakubali mtu mwingine aikaribie.

Jumamosi nitateremka Bungoma nimwambie Nekesa kwa mdomo. Mtoto sijui nitamwambiaje.