Korongo wa Bwawa la Maruba

Machakos, Jumatatu alfajiri, Agosti 1998

Kosa la wageni wengi ni kumfundisha mwenyeji habari za kwao. Mimi mwalimu mstaafu nalijua hilo, na bado jana nililifanya mchana kutwa.

Mkwe wangu Mutua alitupeleka, mimi na binti yangu Mwikali, kuona bwawa la Maruba. Tangu wafunge ndoa, miaka miwili sasa, hajaniambia neno ila "Ndiyo, mzee." Sisi Wakamba humfunza mkwe kuinama mbele ya baba mkwe. Sawa, lakini mtu aliyeinama huuoni uso wake. Ndiyo maana nilitoka kwangu Ekalakala nikaja kukaa nao. Naogopa kufa bila kumjua mtu anayeishi na mwanangu.

Basi nikaeleza. Ukuta, samaki, mawimbi. Kisha korongo mweupe aliyesimama kwenye matope ng'ambo, na kwa nini hupumzisha mguu mmoja. Labda robo saa nzima.

Mutua akakohoa. "Mzee, uniwie radhi. Hiyo ni karatasi ya nailoni. Imeshikwa na kijiti tangu wiki jana."

"Endelea, baba," akasema Mwikali. "Karatasi hutaga mayai mangapi?"

Mutua alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Nami nikacheka hadi nikaketi chini. Kutoka hapo alizungumza njia nzima, kichwa juu. Akaanza kunieleza karakana anayotaka kufungua, tukafika mlangoni kabla hajamaliza.

Najiambia: leo, kabla Mutua hajaenda kazini, mwulize habari ya hiyo karakana, kisha unyamaze.