Mtani Wetu Kajiingiza Kwenye Rekodi

Mpendwa Shangazi Pili, shikamoo. Naomba uniokoe kabla wenzangu hawajanifukuza kikundini, maana mimi ndiye katibu na mimi ndiye niliyewaambia wasubiri. Sisi ni akina mama wakulima wa mboga huku Mgeta, tulimpandisha Abdulmajid, mwenye studio pale Mwembesongo mjini, aje na vyombo vyake aturekodi uani kwa mwenzetu Felista, wimbo tumetunga wenyewe, ngoma tumepiga wenyewe, biti ya kuokota mtandaoni hatukutia, sasa katikati ya wimbo akapita Alois, mtani wa ukoo wetu, jembe begani, akapaza sauti, "Imbeni, imbeni, ila ugali wenu bado mbichi!" nasi tukaangua kicheko humo humo, Abdulmajid akasema hapo pasifutwe, na kweli Shangazi, kipande hicho ndicho kilichosambaa kwenye video za watu, bibi harusi akisonga ugali utakisikia, mume akijaribu kupika utakisikia, nikishuka sokoni mjini na karoti zangu wananiita Ugali Mbichi na moyo unanicheza kwa furaha. Sasa kampuni inayosambaza muziki inasema tunaweza kulipwa watu wanapoutumia wimbo kwenye video zao, ila nithibitishe kwanza kwamba kila sauti inayosikika ni yetu, au mwenye nayo ameturuhusu. Abdulmajid anasema, "Dada Wini, we weka ndiyo, mtani hana kesi." Nilipomuuliza Alois mwenyewe akanijibu, "Mimi nimeshakufa, nizikeni kwanza." Wenzangu wanataka niweke ndiyo, au sauti yake ikatwe. Nifanyeje?

Winfrida, Mgeta

Marahaba, Winfrida. Kwanza hongereni sana! Juzi niliunguza wali, wanangu wakanichezea huyo Alois wako kwenye simu. Nilitaka kununa, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Lakini mwanangu, katibu mzima unampelekea mtani jambo la mkataba kama unayeomba chumvi, ulitegemea akujibu nini? Mtani akichukua kuku wako msibani utacheka, na kesho utachukua wake. Kampuni haina mtani. Ukiweka ndiyo ya uongo, siku Alois akinuna, wimbo utaondolewa, na nyinyi mlioutunga mtaitwa wezi. Na kumkata msithubutu, maana mkimkata hakuna atakayeuweka wimbo huo kwenye video yake.

Nenda kwake na Felista, mchukue na mzee mmoja wa ukoo wake, umwambie mapema kwamba leo si utani. Mpe fungu sawa na la kila mwimbaji, jina lake liandikwe kwenye wimbo, asaini mbele ya huyo mzee. Na Abdulmajid asijifanye mjuzi, naye asaini kwamba rekodi ni ya kikundi. Hapo ndipo uweke ndiyo, na usiku ulale.

Jibu hili nilimtumia Winfrida kwa simu kabla halijaingia gazetini. Jana kanipigia, nyuma yake vigelegele tupu: wimbo umekubaliwa! Alois alilikubali fungu na jina bila ubishi, ila alikataa kushika kalamu mpaka wampikie ugali. Wakampikia. Akala akamaliza, akanawa, akasaini. Kisha akasema bado mbichi.