Kuhusu Wiki Yako ya Ishirini Kule Diani

S.L.P. 1187,
Machakos.
28 Januari 2026

Mpendwa dada Mwikali,

Nianze kwa kuomba radhi. Zile picha za kitabu chako cha nyumba ya likizo ya wiki ulinitumia Novemba, ukaniomba nikisome nikuandikie vile inavyotumika, na sasa Januari inaisha. Sina sababu kubwa ya kukupa. Mutiso wangu anaota meno, baba yake Erastus alibadilishiwa zamu kule kiwandani EPZ akawa analala mchana, na kila nikishika kalamu kuna mtu anaamka. Nisamehe.

Habari za huko Leeds? Baridi imepungua? Yule mzee unayemtunza, aliyekuwa anakuita kwa jina la bintiye, bado yuko? Na mgongo wako je? Usikubali kunyanyua watu peke yako, hata kama mwenzako wa zamu amechelewa. Sisi huku hatujambo. Mvua ilikuwa kidogo lakini mama mkubwa, mama yako, amepata kunde za kutosha kule Ndithini, na miguu yake haijavimba tangu Krismasi. Nthambi wako ameingia gredi ya pili na anasoma maandishi yote anayoona, hata ya kwa gunia la unga. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida.

Barua hii nampa Makau, yule fundi wa umeme wa hapa Kyumbi anayefanya kazi huko. Anarudi Jumapili. Nimeona afadhali kuandika kwa sababu kwa simu tunakatizana, na ujumbe wa sauti najua unausikiliza ukikimbilia basi. Hii uisome ukiwa umekula na umevua viatu.

Utajiuliza nimejulia wapi mambo haya. Unakumbuka chama chetu, sisi wanawake saba. Miaka mitatu iliyopita tuliitwa chakula cha mchana kwa hoteli moja ya barabarani, kila mtu akapewa chupa ya chai ya bure, na kabla ya saa kumi tulikuwa tumenunua haki ya kulala wiki moja kila mwaka kwa nyumba ya likizo, huko huko Diani.

Wiki ina siku saba na sisi tulikuwa saba. Hatukuona shida iko wapi. Nyaguthii, yule wa kuuza vitunguu, ndiye alikuwa katibu, na aliandika zamu vile tunaandikaga za chama: Wanza mwenyekiti Jumamosi, yeye mwenyewe Jumapili, hivyo hivyo mpaka mimi Alhamisi na wa mwisho Ijumaa. Tulipiga hata makofi.

Wanza akaenda, akalala usiku mmoja. Asubuhi akafagia, akafunga mlango, akatia ufunguo kwa mkoba kama mtu yeyote anavyofunga nyumba yake, akaanza safari ya kurudi. Nyaguthii akafika jioni na watoto wawili. Mapokezi wakamwambia aliyeandikishwa ni Wanza, Wanza ameondoka, na jina lake yeye haliko popote. Akapiga simu.

“Wanza, uko wapi na ufunguo?”

“Niko Emali, nakula ndizi. Si nitakupea siku ya chama.”

“Na leo nilale ndani ya ganda la ndizi?”

Walilala kwa viti vya mapokezi, yeye na watoto. Siku zilizobaki ziliisha nyumba ikiwa imefungwa, na mwaka ule ukawa umeenda. Alhamisi yangu niliitumia kutoa nguo kwa begi na kuzirudisha kabatini. Baada ya hapo ndipo tulikubaliana mtu mmoja mwaka mmoja, na mimi nikafanywa katibu kwa sababu hasira ilinifanya nikisome kitabu chote mpaka yale maandishi madogo ya nyuma. Zamu yangu ni mwaka wa 2029. Kwa hivyo ujue unashauriwa na mtu ambaye hajalala huko.

Sasa yako. Ulinunua ukidhani umepata wiki yoyote utakayo, maana ndivyo yule muuzaji aliwaambia pale ukumbini mkiwa mnakula nyama. Kitabu hakisemi hivyo. Kinasema una wiki ya ishirini. Hiyo ni hesabu ya wiki tangu mwaka uanze, na mwaka huu inaanguka Jumamosi tarehe kumi na sita Mei, saa kumi jioni, mpaka Jumamosi inayofuata saa nne asubuhi. Mwaka kesho tarehe itasogea. Ukifika Jumatatu, Jumamosi na Jumapili umezitupa, hakuna mtu wa kukuongezea mbele.

Angalia pia ile kalenda ya rangi. Nyekundu ni wakati kila mtu anataka, nyeupe ni katikati, buluu ni wakati hakuna anayegombania. Yako ni buluu. Mei pwani ni mvua, bahari imechafuka, na shule zimefunguliwa. Ulisema unataka Agosti, Nthambi akiwa amefunga shule, wewe na yeye na mama yako. Kwa wiki yako vile ilivyo, hiyo Agosti haimo. Ni lazima ubadilishe.

Kubadilisha hakufanani na kubadilishana zamu ya kuteka maji na jirani, leo wewe kesho yeye. Unaiweka wiki yako kwanza kwa ile kampuni ya kubadilisha, iliyo kwa ukurasa wa mwisho. Ukishaiweka, imetoka mkononi mwako, anapewa mtu mwingine, huwezi kuirudia. Halafu ndipo unaomba kutoka kwa zile walizoweka wengine. Watu wengi wanaogopa kuweka kabla hawajaona watakachopata, wanangoja ngoja, na wiki inafia mkononi. Usingoje.

Wanapima wiki yako kwa mambo matatu: rangi yake, ukubwa wa nyumba, na umeiweka mapema kiasi gani. Rangi huwezi kuibadilisha. Nyumba yako ni ya vyumba viwili, hapo una nguvu. Omba ya chumba kimoja chenye vitanda vitatu, utakuwa umeshuka kwa ukubwa ili upande kwa rangi. Nyaguthii alikataa kabisa kuyaona tena yale mapokezi, na ilipofika zamu yake nilimfanyia hivyo hivyo, akapelekwa Naivasha na akarudi amenenepa.

Taja sehemu zaidi ya moja. Ukiandika Diani peke yake na Agosti peke yake, utakaa kwa foleni. Andika Diani, Watamu na Naivasha, na wiki ya thelathini na mbili na ya thelathini na tatu. Mtoto hataki bahari sana kama unavyofikiria.

Jambo la mapema ndilo linaniuma, kwa sababu lina mkono wangu. Ukurasa wa kumi na moja, chini kabisa: wiki iwekwe siku tisini kabla haijafunguka. Nimehesabu mara mbili kwa kalenda ya ukutani. Siku ya mwisho yako ni Jumapili, tarehe kumi na tano Februari. Ningeandika Novemba ungekuwa na miezi mitatu. Sasa Makau akikukabidhi barua hii utakuwa na siku kumi na mbili hivi. Na hawapokei wiki kama ada ya matunzo ya mwaka haijalipwa, kwa hivyo anza na hiyo.

Mambo madogo pia yako. Ukishaenda, asubuhi ya pili watakuita kwa chai, ati kuwaona wanachama. Kunywa chai, kula mandazi, usitie sahihi kitu chochote. Na ukipigiwa simu na mtu akisema amepata mnunuzi wa wiki yako, utume kitu kidogo kwanza cha makaratasi, kata simu. Wanza alipigiwa mara nne na mara ya nne karibu atume.

Nyumba iko na jiko na sufuria, lakini hilo mama yako haliamini. Nilipoenda Ndithini kumweleza alikuwa anapepeta kunde, na hakusimamisha ungo.

“Mwikali amenunua nyumba?”

“Amenunua wiki moja ya nyumba, mama.”

“Mimi hili shamba nilinunua likanijia na mwaka mzima.”

Nthambi akamdakia nyanya yake, “Susu, na zile wiki zingine ni za nani?”

“Za wenye wamefika,” mama yako akasema, akaendelea kupepeta. Baadaye akaniambia atabeba mahindi yake ya muthokoi na sufuria yake mwenyewe, kwa hivyo chukua kwamba amekubali.

Nisikufiche lingine. Kama wewe hutakuwepo siku ya kuingia, hao wawili hawaingii. Mapokezi hawajui mama wala mtoto wa nani, wanajua jina. Asiyekuwa mwenye wiki anaingia kwa cheti cha mgeni, na cheti kinaandikwa mapema, jina likiwa vile liko kwa kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukibadilisha jina wiki ya mwisho wanaweza kukataa.

Ninasema hivi kwa sababu ya Desemba. Ulisema utafika tarehe ishirini na moja. Nthambi alisukwa tarehe ishirini. Ulipopiga simu kwamba zamu zimebadilishwa, alisema sawa, akaenda nje kucheza. Lakini zile nywele alikataa zisifunguliwe. Krismasi zilikuwepo, mwaka mpya zilikuwepo, zimechakaa na zinamwasha, nami nikimgusa anashika kichwa kwa mikono miwili. Nilizifungua Jumapili usiku shule ikifunguliwa kesho yake, akiwa amelala.

Sikuandikii hayo ujisikie vibaya. Najua kazi yenu, najua sheria za huko hazikukuruhusu uende naye, na najua hiyo wiki uliinunua kwa ajili yake. Mimi namlea kama Mutiso, chakula kimoja, viboko hakuna, na ataendelea hivyo hata miaka kumi. Tangu Desemba hajaniuliza unakuja lini, na mimi sijamwambia Agosti. Anajua iko nyumba, basi.

Kitabu kinasema ukiweka wiki una miaka miwili ya kuitumia. Ni kweli, hiyo ni nafasi nzuri kwa mwenye wiki. Nthambi hana kitabu hicho. Nikimtajia tarehe atahesabu siku.

Kwa hivyo nimefikiria hivi. Kama likizo yako ya Agosti imeandikwa na mkubwa wako kwa karatasi, ingiza jina lako, na mimi nitawasindikiza mpaka stesheni ya Athi River na kurudi zangu na Mutiso. Kama haijaandikwa, usiniambie utajaribu. Ingiza langu kwa cheti cha mgeni. Nitawapeleka mimi, nimbebe Mutiso mgongoni, wapate hiyo wiki, na wewe uje mwaka kesho bila deni la maneno kwa mtu. Sitakuchukia kwa hilo. Kile sitafanya ni kumsimamisha mtoto mbele ya meza ya mapokezi asikie jina halipo.

Erastus anakusalimu, anauliza kama huko kweli mnafanya kazi ya usiku na mchana kwa wiki moja au ni maneno ya watu. Mama yako anakusalimu sana na anasema ule. Nyaguthii na Wanza wanakusalimu. Siku hizi wanaongea. Nthambi ametia salamu yake mwenyewe hapo nyuma ya karatasi, ni gari au ng'ombe, sikuuliza. Mungu akufunike kwa hiyo baridi, akulinde mgongo, na akupe watu wema kazini.

Sasa vitu ninavyohitaji unitumie, picha kwa simu inatosha. Barua ya ruhusa kwa ile kampuni ya kubadilisha, kwamba mimi Nzilani naweza kufuatilia kwa niaba yako, na sahihi iwe ya kalamu. Ukurasa wa pasipoti wenye picha. Namba ya uanachama, ile ndefu, kwa sababu kwa picha za Novemba kidole chako kimefunika tarakimu mbili za mwisho. Risiti ya ada ya matunzo. Ile barua pepe watakayokuletea ya kusema wiki yako imepokelewa, usiifute hata kama ni ya Kiingereza kirefu. Cheti cha kuzaliwa cha Nthambi ninacho, usitafute. Kitambulisho cha mama yako nilipiga picha, jina la Kamanthe limeandikwa vizuri.

Na ile fomu ya ukurasa wa kumi na nne, mstari wa mgeni wa kwanza, yule nyumba itafunguliwa kwa jina lake. Unataka jina moja. Andika lako au langu, uitume kabla ya tarehe kumi na tano. Lolote utakaloandika nitamwambia Nthambi hilo hilo, siku hiyo hiyo akitoka shule.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa mkali,
Nzilani