Aya ya Wanaouguza Nyumbani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mama anakula japo kidogo na dawa zinamkaa tumboni. Mimi mwili haujambo. Moyo tuuache kwanza. Usione siongei kwenye simu. Chumba nimechangia na mwenzangu wa ujumbe wa nchi yetu, na yule hata akikoroma nahisi anasikiliza.

Najua utacheka useme nimeanza tena kushuku watu, maana mimi hata chumvi huionja mara mbili. Lakini safari hii nilikuwa na sababu.

Nilikwambia kwamba nchi zimekutana hapa kuandika tamko moja la maendeleo ya jamii duniani, na kazi yangu ni ukatibu wa ujumbe wetu: barua pepe zote za ujumbe zapita mikononi mwangu. Sikukwambia kwamba ndani ya rasimu kulikuwa na aya inayokuhusu wewe. Ilisema serikali zitawalipa na kuwapumzisha wanaouguza watu wao nyumbani. Nilipoisoma nilikuona wewe, ulivyoacha ushonaji ukamuuguza mama, na hakuna aliyekuuliza umekula nini.

Basi aya hiyo ikaanza kuliwa na panya. Asubuhi ipo, jioni neno "zitawalipa" limekuwa "zitaangalia uwezekano". Kesho yake kupumzika kumeyeyuka. Nikiuliza, kila mtu anaangalia simu yake. Nilimshuku mwenyekiti wa mkutano, ambaye huafiki kila kitu kwa kichwa na hakuna anachokikumbuka. Nilimshuku hata mhudumu wa chai, kwa jinsi anavyozunguka meza zetu polepole.

Zaidi nilimshuku mjumbe wa nchi nyingine kwenye meza ya jirani, mama mmoja tunayemwita Mama Miwani. Anacheka na kila mtu, na kila anaponong'ona na mtu kwenye korido, aya yangu inapungua. Jana nikamkuta akinawa mikono, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza wana ubaya gani na wauguzaji. Alinitazama kwa huruma hadi nikaona aibu. Akaniambia wao hawana neno na ile aya. Akasema anayezunguka kuomba iondolewe ni mkuu wa ujumbe wetu mwenyewe, kwa sharti kwamba lisitajwe jina la nchi yetu.

Sikumwamini. Nikamfuata mkuu, nikajifanya nalalamika kwamba majirani wanatuharibia. Hata hakukana. Alinipigapiga begani kama mtoto, akasema tukiitia saini aya ile watu nyumbani watakuja kutudai, na kwamba kuuguza mama yako si kazi, ni mapenzi. Kisha akaniagiza nimletee chai.

Dada, nilimletea.

Leo asubuhi mwenyekiti alisambaza rasimu ya mwisho, na aya haimo kabisa. Hapa wana utaratibu wao: rasimu ikishasambazwa, ujumbe usiosema kitu hadi saa sita mchana unahesabiwa kuwa umekubali. Anayepinga anaandika barua pepe moja, na wote wanarudi mezani. Mkuu aliniambia tunyamaze tu, akaenda kunyoa ndevu.

Sasa hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mstari wa kwanza. Sikunyamaza. Niliandika kwa jina la nchi yetu kwamba hatukubali tamko bila aya ya wanaouguza nyumbani, nikatuma. Hakuna aliyenituma. Sikuwafikiria wauguzaji wa dunia nzima, nisikudanganye, nilikufikiria wewe.

Mwenyekiti aliisoma barua yetu mbele ya wajumbe wote. Wakamgeukia mkuu. Kama angetaka kuikana, ingebidi atamke kwa kinywa chake alichokuwa akikinong'ona koridoni. Alisimama, akakohoa, akasema kwamba nchi yetu imekuwa ikiipigania aya hii tangu mwanzo. Ukumbi ukapiga makofi. Aya imerudi nzima, na malipo ndani, na tamko limepita.

Mlangoni mkuu alinipa mkono huku akipigwa picha. Picha zilipokwisha akaniomba kwa upole nimkabidhi kitambulisho na funguo za ofisi.

Kwa hiyo nakuja, na sina kazi. Majirani waambie nimepewa likizo, ila mama usimwambie lolote; nitamwambia mwenyewe. Wale waliopiga makofi siwaamini, wala sijui malipo hayo yatakufikia mwaka gani. Kitanda changu kiweke karibu na cha mama. Usiku akihitaji kugeuzwa nitaamka mimi, wewe ulale mpaka uchoke kulala.

Mbusu mama paji la uso kwa niaba yangu, na shemeji msalimie akirudi kutoka kazini. Ubaki na afya hadi nibishe hodi.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba