Fundo la Ndama

Somanda, Bariadi
Jumapili jioni

Kwako kaka yangu Sylvester,

Mwangaluka, kaka, nakuamkia kwa salamu yetu ya asubuhi hata kama barua hii itakufikia jua limeshazama. Natumaini u mzima hapo Lagangabilili, na kifua kilichokuwa kinakusumbua na vumbi kimetulia. Wifi Apolonia hajambo? Watoto je? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mwanangu Shija amepona malaria na ameanza tena kunisumbua kuhusu viatu vya shule. Mayu nilimwona kule Kasoli juzi. Anachuma pamba kama msichana, na mama yetu huyo ukimwambia apumzike anakuuliza nani amekufa.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu nimeiogopa. Ukiniita mdogo wangu kwenye simu mimi hulainika, na leo sitaki kulainika.

Kwanza nikupe habari za sanduku la jenereta ulilonijengea. Bado limesimama nyuma ya duka, imara kama ulivyoliacha. Kila aliyeliona aliuliza fundi ni nani, nami nikajibu kwa maringo kwamba ni kaka yangu, mtu wa ofisini, aliyevua shati la Jumapili akashika msumeno. Mimi nilitaka tujaze pamba katikati ya mbao, maana pamba ndiyo tuliyo nayo, ukanicheka ukasema nitachoma mtaa mzima. Tukabeba mchanga wa mtoni, tukaujaza kati ya kuta mbili za mbao, na ndani ukapigilia bati. Ukatoboa matundu ya hewa chini, ukapitisha bomba la moshi mpaka juu ya paa, ukaniasa nisije nikaliwasha jenereta ndani ya duka hata mvua inyeshe vipi, kwa sababu moshi ule unaua mtu bila kumwamsha. Mfuniko hukutaka uwe na kufuli. Ulisema moto ukizuka nitatafuta ufunguo mpaka niungue. Ukaufunga kwa kamba, kwa lile fundo la ndama alilotufundisha marehemu baba: mgeni atahangaika nalo mpaka kucha zing'oke, lakini anayeijua ncha yake akivuta mara moja linaachia. Nililia kidogo siku ile, kaka. Tangu baba Shija afariki hakuna mwanamume aliyenishikia hata nyundo.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba wakubwa wanalalamika juu ya kelele karibu na hospitali, na kwamba majenereta yanayonguruma yatachukuliwa. Niliogopa sana. Duka hili la kopi na kuchaji simu ndilo linalotulisha mimi na Shija, hatuna kingine. Basi tulipoliwasha ndani ya sanduku likawa linanong'ona tu, nilikuita mwokozi wangu.

Sasa sikia kilichofuata. Hapa Somanda umeme ukikatika, watu wanaouguza wagonjwa hawasomi vibao. Wanatoka hospitalini na simu zao zimezima, wanasimama barabarani, wanatega sikio. Penye mlio ndipo penye umeme. Mimi sikulijua hilo mpaka mlio wangu ulipokufa. Nikawa nakaa na jenereta linalofanya kazi, taa zinawaka, mashine ya kopi iko tayari, na watu wanapita mlangoni kwangu bila kugeuka. Nilipotoka kuwaita nikaonekana kama muuza dawa za minyoo.

Haukupita muda, mlango wa pili likafunguliwa duka jipya, kopi na kuchaji simu vilevile kama langu. Muuzaji ni kijana mpole anaitwa Novatus. Jenereta lake liko wazi, juu ya meza ya mbao ukingoni mwa mtaro, linanguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza. Umeme ukikatika, watu wote kwake. Nilimwendea nikamwonya kindugu kwamba litachukuliwa. Akashangaa, akasema tajiri yake amemhakikishia hakuna amri ya namna hiyo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Naye hakuwahi kuisikia; alicheka, akaniuliza nani aliyenidanganya. Nilikutetea, kaka. Nilisema labda ulisikia vibaya.

Novatus nilimuuliza tajiri yake ni nani. Akasema amekatazwa kumtaja, ila ni mtu mzito wa Itilima. Hata hapo sikukuwazia wewe, ingawa Lagangabilili yako iko Itilima hiyohiyo. Itilima ina watu wazito wengi.

Jana umeme ulikatika, Novatus akawasha jenereta lake akaingia ndani kuhudumia. Mimi nilikuwa namwaga maji mtaroni, nikaona jinsi lilivyofungwa lisitembee kwa mtetemo likaanguka. Kamba imepita chini yake, imezunguka mguu wa meza, na mwisho wake fundo la ndama. Ncha imekunjwa upande wa kushoto, kama unavyoikunja wewe kwa mkono wako wa kushoto. Baba alitufundisha fundo lile wawili tu.

Ungeniambia, kaka. Ungesema unataka biashara, ningekupisha, hata mlango ningekufagilia. Badala yake ulinifunga mdomo kwa mikono yako mwenyewe, na chai yangu ukanywa. Imenichoma kuliko msiba. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Labda ndiyo maana ulinitobolea matundu ya hewa.

Nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia. Ile ncha niliishika. Jenereta lilikuwa linatetemeka, meza imeinamia mtaroni, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Ilikuwa kuvuta mara moja tu. Nilikaa nayo mkononi mpaka kamba ikapata joto. Kisha nikaiachia, si kwa ajili yako, bali kwa ajili ya Novatus, ambaye ungemfukuza.

Kesho nalitoa jenereta langu nje, lilie. Mtaa utatusikia sote wawili. Mbao za sanduku nitamjengea Mayu banda la kuku. Bado anawasifia majirani jinsi ulivyonijali, na mimi sijamwambia kitu.

Msalimie wifi na watoto, wao sina neno nao. Mungu akulinde na hicho kifua. Fundo la mfuniko nimeshalifungua. Lililobaki ni la moyoni, na ncha yake iko kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanjige